Rudolf Diesel, mtu ambaye jina lake limo ndani ya tangi

Zamani trekta lile lilikuwa jekundu. Siku nilipolikuta limesimama nje ya gereji moja ya Katwe, hapa Kampala, lilikuwa limebaki na rangi ya kutu na vumbi, boneti imeondolewa, na mwenye mali amekaa kando juu ya kreti la soda akihesabu hasara. Mama huyu hununua mahindi vijijini upande wa Luweero na kuyapeleka Busia. Trekta lake ni Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda 3, aina iliyoanza kutoka kiwandani miaka ya 1960. Kazi yake ni kuvuta tela la magunia kutoka mashambani hadi barabara kubwa, ambako lori hungoja. Sasa lenyewe lilikuwa limebebwa juu ya lori kuletwa mjini. Linawaka vizuri, alieleza, linakwenda dakika chache, linapungua nguvu, linazima. Ukiliacha lipumzike linawaka tena, halafu mchezo ni uleule. Huko nyuma lori la Busia lilikuwa siku ya pili likingoja, na lori linalongoja hulipwa kama linalotembea.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa heshima, akimwita nnyabo, kwamba injini haina ugonjwa. Mafuta ndiyo hayafiki.

Maneno hayo yana umri wa zaidi ya miaka 130. Mtu wa kwanza kukosa usingizi kwa sababu ya mafuta yasiyofika ndiye yule ambaye jina lake tunalitaja kila siku kwenye vituo vya mafuta kuanzia Mombasa hadi Goma, bila kukumbuka kwamba ni jina la mtu. Dizeli ni Diesel. Rudolf Diesel.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858, lakini hakuwa Mfaransa. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria waliohamia huko kutafuta riziki. Baba yake, Theodor, alianza na ufundi wa kujalidi vitabu, akaendelea na bidhaa ndogondogo za ngozi, na mtoto ndiye aliyesukuma mkokoteni kuwapelekea wateja mizigo yao. Wasomaji wengi wa gazeti hili wanayajua maisha ya namna hiyo. Mpaka ukitulia wewe ni jirani na mteja. Mpaka ukichafuka unageuka mgeni kwa usiku mmoja. Mwaka 1870 Ufaransa na Wajerumani waliingia vitani, na familia ya Diesel, pamoja na Wajerumani wenzao, ikalazimika kuondoka. Walikimbilia London. Huko maisha yalikuwa magumu kiasi kwamba Rudolf, akiwa na miaka 12, alisafirishwa peke yake kwenda Augsburg, Ujerumani, kukaa kwa shangazi na mumewe, Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hesabu.

Augsburg ndiyo iliyomtengeneza. Huko kulikuwa na shule ya ufundi, na ndani ya shule kulikuwa na kifaa kidogo cha kuwashia moto: kibomba chenye kijiti cha kusukuma ndani. Ukikisukuma kwa nguvu na kwa ghafla, hewa iliyomo hubanwa, hupata joto kali, na kipande cha kitu kikavu kilichowekwa ndani hushika moto bila kiberiti wala cheche. Yeyote aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli kwa bomba la mkono amewahi kuligusa jambo hilo. Mwisho wa bomba huwa wa moto. Watoto wengi walikichezea kifaa kile wakakisahau. Huyu hakukisahau. Alipofika miaka 14 alikwisha kuwaandikia wazazi wake kwamba atakuwa mhandisi.

Alipata msaada wa masomo, akaingia chuo cha ufundi cha Munich mwaka 1875. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Carl von Linde, yule aliyeendeleza mashine za kutengeneza barafu. Darasani Linde alionyesha jambo lililomkaa kijana kichwani kama deni: injini za mvuke, ambazo wakati ule ndizo zilizoendesha viwanda, treni na meli, zilikuwa zikipoteza karibu joto lote la makaa yaliyochomwa. Katika kila sehemu 10 za joto, hata sehemu 1 ilikuwa shida kuigeuza kuwa kazi. Zilizobaki zilipanda angani na moshi. Mfanyabiashara anayenunua magunia 10 na kufikisha sokoni gunia 1 hawezi kulala. Diesel naye hakulala.

Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimlaza akakosa mtihani wa mwisho. Alipopona alikwenda kushika spana katika kiwanda cha Sulzer, Winterthur, Uswisi, akingoja mtihani mwingine, akafaulu Januari 1880 kwa alama za juu. Linde akamwajiri kwenye kazi za mashine za barafu mjini Paris. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto 3. Mchana alijali barafu, usiku alifikiri moto. Alipoteza miaka mingi kwenye injini ya amonia ambayo haikumfikisha popote, na mwaka 1890 alihamia Berlin akiwa bado mwajiriwa wa Linde.

Mwaka 1892 aliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, akaipata mwaka uliofuata. Wazo lake ni lile la kibomba cha Augsburg. Usitie mafuta kwanza ukayawasha kwa cheche. Ingiza hewa tupu kwenye silinda, ibane mpaka iwe ya moto kabisa, halafu ndipo uingize mafuta, nayo yatawaka yenyewe. Kadiri hewa inavyobanwa, ndivyo joto dogo linavyopotea. Kwenye karatasi ilikuwa safi. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilichoongozwa na Heinrich Buz kilikubali kujaribu, na kampuni ya Krupp ikaingia na fedha. Dereva anayeona herufi MAN mbele ya lori ajue kwamba A hapo ni Augsburg, kiwanda kilekile kilipokuja kuungana na cha Nürnberg.

Tarehe 10 Agosti 1893 walifanya jaribio la kwanza. Mafuta yalipoingia, kilitokea kishindo, na kipimo cha mgandamizo kilichofungwa juu ya injini kikapasuka na vipande vikaruka. Injini haikuzunguka hata mara moja kwa nguvu yake. Hata hivyo mhandisi alifurahi, maana kishindo kilikuwa ushahidi: mafuta yamewaka bila cheche.

Kuanzia hapo ndipo shida yetu ya Katwe inapoanza. Kuwasha ilikuwa rahisi. Kufikisha mafuta ndiko kulikomtesa. Fikiria mwenyewe. Ndani ya silinda kuna hewa iliyobanwa kwa nguvu ya kutisha, inayosukuma kurudi nje. Katika dirisha la muda lililo fupi kuliko kupepesa jicho, unatakiwa kupenyeza humo tone dogo la mafuta, si tone zima bali ukungu, kwa kipimo kilekile, kwa wakati uleule, mamia ya mara kila dakika. Likichelewa, ni moshi. Likizidi, ni kishindo. Lisipofika, ni kimya. Alijaribu kuyasukuma mafuta yenyewe kwa pampu, akashindwa, kwa sababu hapakuwa na karakana ya enzi zile iliyoweza kuchonga pampu ya usahihi huo. Akageukia njia ya mzunguko: alitumia kompresa kubana hewa nyingine, kali kuliko ile ya ndani, na hewa hiyo ndiyo iliyoyapuliza mafuta ndani ya silinda.

Tarehe 17 Februari 1894 injini ilikuwa ikizungushwa kwa mkanda kutoka mashine nyingine ya kiwanda, kama kawaida ya majaribio. Fundi aliyekuwa juu yake aliona mkanda umebadilika: sasa injini ndiyo inayouvuta. Inasimuliwa kwamba fundi huyo hakusema neno, alivua kofia tu. Ilikwenda kwa dakika 1 hivi, mizunguko 88. Ilichukua miaka mingine 3 kabla ya Profesa Moritz Schröter wa Munich kuja kuipima rasmi Februari 1897. Ilikuwa mashine ya nguvu za farasi 20, yenye kimo cha mita 3 hivi, na ilikuwa ikigeuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna injini duniani iliyokuwa imefika hapo.

Fedha zikaja kwa kasi. Mtengeneza bia Mmarekani, Adolphus Busch, alinunua haki za Marekani, nchi nyingine zikafuata, na mwaka 1898 kampuni mpya ilizichukua haki zake kwa mamilioni ya marka. Yule mtoto wa mkokoteni alijenga nyumba kubwa ya fahari mjini Munich. Lakini wateja wa kwanza walikuwa wakinunua kitu ambacho hakijaiva. Injini ziliharibika, malalamiko yakarundikana, na kiwanda alichofungua Augsburg kutengeneza injini zenye jina lake hakikufanikiwa. Yeye mwenyewe aliugua mishipa ya fahamu mwaka huohuo wa 1898 akapelekwa kupumzika. Alikuwa pia katika kesi na mabishano na watu waliosema uvumbuzi si wake, au kwamba injini inayouzwa si ile iliyoandikwa kwenye hataza. Kwa hili la pili hawakuwa wamekosea kabisa. Injini iliyofanya kazi ilikuwa imeachana kwa mengi na ile ya kwenye karatasi. Nadhani hilo si aibu. Kila fundi anajua kwamba mashine hukubali kwa masharti yake.

Kilichomwangusha ni daftari. Mtu aliyehesabu kila punje ya joto hakuhesabu fedha zake kwa jicho lilelile. Aliziweka kwenye viwanja na kwenye visima vya mafuta ambavyo havikumlipa, na kadiri alivyozama ndivyo alivyoonyesha watu uso wa tajiri.

Kuna tukio moja la maisha yake linalotugusa moja kwa moja. Kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Paris mwaka 1900, injini yake ilipata tuzo ya juu kabisa. Katika maonyesho hayohayo injini moja ndogo, iliyoletwa na kampuni ya Otto, iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hawakuibadilisha kitu, ilikuwa imetengenezwa kwa mafuta ya ardhini, na ilikwenda vizuri kiasi kwamba wachache tu ndio waliogundua. Jaribio hilo lilitakiwa na serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, mahali ambako karanga zilikuwa tele na makaa hayakuwapo. Diesel mwenyewe alilirudia wazo hilo mwaka 1912, akiamini kwamba iko siku mafuta ya mimea yatakuwa na thamani kama ya yale ya ardhini.

Karanga na dizeli zilikuja kukutana tena huku kwetu, na mara hii vibaya. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Tanganyika. Walileta matrekta ya mitumba, mengi yakiwa masalia ya vita kutoka Ufilipino, wakayaingiza kwenye vichaka vigumu na vumbi la Ugogo. Kufikia mwisho wa msimu wa kwanza sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala, vipuri havipo, mafundi hawatoshi. Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Injini ya Diesel ina nguvu ya kung'oa kisiki cha mbuyu, lakini haina uvumilivu na uchafu.

Turudi kwa mwenyewe. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913, akiwa na miaka 55, Diesel alipanda meli Dresden kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Harwich, Uingereza, kwa mambo ya kiwanda. Alikula chakula cha jioni na wenzake wawili, wakatembea kidogo juu ya sitaha, akaaga saa 4 usiku akiomba aamshwe asubuhi saa 12 na robo. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu, kitanda hakikulaliwa. Siku kama 10 baadaye mabaharia wa meli ya Kiholanzi waliuona mwili baharini. Walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuurudisha mwili majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Watu walitunga hadithi nyingi: kwamba aliuawa kwa siri za kijeshi, kwamba matajiri wa mafuta walimtaka afe. Wanaoshuku kwamba alijitupa wana sababu nzito zaidi. Kabla ya safari alimwachia mkewe mkoba wa kufunguliwa baadaye, na ndani mlikuwa na fedha taslimu pamoja na karatasi zilizoonyesha kwamba familia imefilisika. Kwenye kitabu chake cha kumbukumbu, tarehe ile ilikuwa imewekewa msalaba mdogo.

Hakuwahi kuona trekta linalotumia injini yake. Kompresa ile ya kupuliza mafuta ilikuwa kubwa na nzito mno kubebwa na chombo cha magurudumu. Injini zake zilifaa viwanda na meli. Matrekta ya kwanza ya dizeli yalitokea Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na jambo lililoamua lilikuja mwaka 1927, Robert Bosch wa Stuttgart alipoanza kuuza kwa wingi pampu iliyoweza kusukuma mafuta peke yake, bila kompresa. Ile iliyomshinda Diesel mwaka 1893 sasa ilikuwa na ukubwa wa kubebwa mkononi. Siri yake ni usahihi. Vyuma viwili vinasuguana ndani kwa nafasi inayopimwa kwa sehemu za elfu za milimita, na kinachovilainisha ni dizeli hiyohiyo inayopita. Hakuna oili nyingine.

Ndiyo maana fundi wa Katwe hakuanza na pampu. Alianza na tangi. Alifungua chini, akamwaga kwenye beseni, akamwita mama aone: chini ya dizeli kulikuwa na maji, na chini ya maji matope meusi. Kisha akanusa. Mafuta yalikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Mama alikiri kwamba mara kadhaa alinunua kwenye madumu kandokando ya barabara, kwa muuzaji wa bei nafuu. Fundi hakumgombeza, alimfanyia hesabu tu. Mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi, na pampu iliyolika haitibiki kwa spana. Hupelekwa kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na bili yake hula akiba ya madumu mengi.

Alisafisha tangi, akaosha kikombe cha kioo kinachokusanya maji, akatoa chujio la zamani. Hilo ndilo lililokuwa likizima trekta: injini ikiwaka hunywa kilichokusanyika upande wa pili, kikiisha inakauka, ikipumzika, mafuta hujipenyeza polepole tena. Aliweka chujio jipya na washa mpya za shaba kwenye maungio, kwa kuwa ungio linalolegea huvuta hewa hata kama halivuji tone nje.

Hewa ndiyo iliyobaki. Dizeli haibanwi kirahisi, hewa hubanwa. Kiputo kimoja ndani ya bomba hunywea na kufutuka, na nozeli haipati msukumo wa kufunguka. Fundi alilegeza skrubu iliyo juu ya chujio, akasukuma kwa mkono kile kishikizo kidogo cha pampu ya chini. Ilitoka povu, ikaendelea povu, halafu mafuta matupu bila viputo. Akakaza. Akafanya vivyo hivyo kwenye skrubu za pampu kubwa. Mwisho alilegeza nati za mabomba 3 pale yanapoingia kwenye nozeli, akamwambia kijana wake azungushe stata, na akamsogeza mama nyuma, kwa sababu mafuta yanayotoka kwenye nozeli yana nguvu ya kupenya ngozi ya mtu. Nati ya kwanza ilitema, ya pili ikatema, ya tatu ikachelewa, kisha ikatema. Akazikaza moja baada ya nyingine.

Trekta likakohoa, likatoa moshi mweupe, likashika. Fundi aliliacha lingurume nusu saa nzima na hakutaka kulipwa kabla nusu saa haijaisha. Mama alikuwa tayari kwenye simu na dereva wa lori, akibishana naye juu ya siku ya tatu. Alipomaliza aliokota lile chujio chakavu, akauliza kama haliwezi kuoshwa kwa petroli likatumika tena siku ya shida. Fundi alilichukua mkononi mwake taratibu, akalitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.